Fundi wa Keko aliyepima kiwiko changu kabla ya kupima ukuta

Nianze na bei, maana najua ndiyo mnayoitafuta. Makabati ya jikoni, ya chini na ya juu, kwa umbo la herufi L, kuyasafirisha kutoka Keko hadi kwangu Tabata na kuyafunga: milioni nne na laki sita. Jiwe la graniti pamoja na sinki nililipia pembeni, kwa watu wengine, milioni moja na laki nane. Fundi bomba, fundi umeme na marumaru za ukutani sivitii humu, hivyo ningevilipia hata kazi angeifanya nani. Duka moja lenye kiyoyozi na vioo mpaka chini lilinipigia hesabu iliyozidi mara mbili ya hiyo, kwa makabati peke yake, tena ya chipubodi iliyobandikwa karatasi ya kung'aa.

Keko haihitaji kuelezwa kwa mtu wa Dar. Kwa walio mbali: ni ule upande wa Temeke ambako maseremala wamejipanga kando ya barabara, vitanda vya sita kwa sita vimesimamishwa juani, makochi hayajavalishwa kitambaa bado, na harufu ya vanishi inakupokea kabla hujashuka kwenye bajaji. Karakana ninayoisema haina kibao wala ukurasa mtandaoni. Ina mabati, mashine ya kupasulia mbao, vijana wachache wenye vumbi kwenye kope, na fundi mkuu mmoja, mtu wa makamo, asiyependa kuonyeshwa picha kwenye simu.

Na hilo la picha ndilo lililonifanya nimpe kazi. Nilikwenda na picha zangu kama wateja wote: jiko jeupe pee, meza kubwa ya katikati wanayoiita kisiwa, taa tatu zinaning'inia, bakuli la malimau ambayo hakuna atakayeyakamua. Aliitazama ya kwanza, akanirudishia simu.

"Mama, hapo anapika nani?"

Nikamwambia sijui, ni picha tu.

"Basi hapo hapapikwi. Kwako anapika nani, na mnapika nini?"

Nimefundisha sayansi kimu sekondari miaka mingi. Nimechora ubaoni ramani za majiko, nimesahihisha madaftari ya majiko, na bado sikuwa nimesikia somo zima likifungwa kwenye swali fupi namna ile. Nikatoa ratiba ya nyumba: ugali karibu kila siku, wali wa nazi mama mkwe akiwepo, chapati Ijumaa, samaki wa kukaanga, maharage, mara moja moja oda za sambusa za shughuli. Akaandika kwenye kipande cha plaiwudi.

Alipokuja nyumbani hakwenda ukutani. Aliniambia nivue viatu, nisimame wima, nikunje mkono. Akapima kutoka sakafuni mpaka kwenye kiwiko: sentimita 98. Mimi ni mfupi, mita 1.56. Akatoa 13, akaandika 85 ukutani kwa penseli. Makabati ya dukani huja na meza ya sentimita 90 au karibu na hapo, kipimo cha viwandani, yeyote utakayekuwa. Sentimita tano ukizisikia si kitu. Kanda unga wa chapati za watu kumi, halafu uniambie zimekaa wapi. Kanuni yenyewe naijua vizuri: meza ya kukatia na kukandia iwe chini ya kiwiko kwa sentimita 10 hadi 15. Ila yeye hakuishia kwenye kanuni.

Aliomba sufuria ninayosongea ugali. Akaiweka juu ya jiko langu la gesi la pleti mbili, jiko likiwa juu ya meza ya zamani, akanipa mwiko, akasema songa. Sufuria tupu, nasonga hewa, mume wangu anacheka mlangoni. Fundi hakucheka. Alikuwa anatazama bega. Akapiga hesabu kwa sauti: meza 85, jiko lenyewe 12, sufuria 20. Jumla 117, yaani mkono wa mpishi unafanya kazi usawa wa kifua, na ugali husongwa kwa uzito wa mwili, mwiko ukikandamizwa kutoka juu. Ndiyo maana bibi zetu walisonga wameinama juu ya mafiga, na ndiyo maana wengi wetu tukihamia jiko la mezani tunaishia kuishusha sufuria sakafuni, kuibana kwa miguu na kumalizia huko. Akafuta, akaandika: hapa pa jiko, 66. Ukijumlisha 66, 12 na 20 unapata 98. Kiwiko changu.

Kwa hiyo meza yangu ina ngazi. Inatoka kwenye sinki ikiwa sawa, inashuka kwa upana wa sentimita 75 ambamo jiko linakaa, kisha inapanda tena. Wageni hudhani ni pambo, na sijisumbui kuwasahihisha, kwa sababu ni pambo kweli. Graniti ilipokatwa kufuata ule mteremko, ukingo wake ulibaki wazi pande mbili, mweusi wenye chembe za fedha zinazoonekana jua la asubuhi likipita dirishani. Katika chumba kizima, hapo ndipo jicho linapotua. Hakuna picha hata moja kati ya zile zangu iliyokuwa na kitu hicho.

Mume wangu ana mita 1.83 na analalamika kwamba jiko limejengwa kwa ajili ya mbilikimo. Fundi alimuuliza anapika mara ngapi kwa mwezi. Mjadala ukaishia hapo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mimi, kama mwalimu, lilinigusa zaidi. Shuleni tunafundisha pembetatu ya jiko: mistari mitatu ya kufikirika kati ya sinki, jiko na jokofu, kila upande uwe kati ya mita 1.2 na 2.7, na jumla isizidi mita 7.9 hivi. Ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, miaka ya 1940. Kabla ya hapo, mwaka 1926, msanifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko la nyumba za bei nafuu za mji wa Frankfurt, Ujerumani: chumba cha mita 1.9 kwa 3.4, makabati yamefungwa ukutani, kila kitu kinafikiwa kwa hatua moja au mbili. Alijifunza kwa majiko ya mabehewa ya treni, na nyumba zipatazo 10,000 zikajengewa jiko hilo. Makabati tunayoyaita ya kisasa yametoka huko. Mwenyewe alisema baadaye kwamba alipolibuni hakuwa amewahi kupika, nami huwa nawaambia wanafunzi hilo ili wasiogope vitabu.

Kwa maana vitabu hivyo vinachukulia kwamba kazi yote ya chakula inafanyika ndani ya chumba kimoja. Nani hapa kwetu anapara samaki ndani? Nani anatwanga kisamvu juu ya marumaru mara mbili? Mara ya kwanza inatosha, marumaru ikishapasuka unahamia uani mwenyewe. Jiko la nyumba ya Kiswahili lina pembe ya nne, nayo ni mlango wa uani. Vitu huingia kwa hapo: samaki kutoka soko la Feri akiwa ameshaparwa, kuni kwa wenye nazo, ndoo ya maji siku bomba likikauka. Na kwa hapo hutoka maganda, majivu na moshi. Ramani ya lile duka la kiyoyozi ilikuwa imeuziba mlango huo kwa kabati refu la kuwekea maikrowevu. Nilipouliza nitapita wapi, kijana aliniambia watu wengi siku hizi wanapitia sebuleni. Na ndoo ya samaki?

Fundi wa Keko alifanya kinyume. Kando ya mlango wa uani aliweka meza nyembamba ya sentimita 45, yenye ukingo ulioinuliwa kidogo ili maji yasimwagike sakafuni. Kinachoingia kutoka nje kinatua hapo kwanza. Chini yake hakuweka mlango wala rafu, ni uwazi mtupu: kinu kinaingia, mchi unaegemea, ungo na chujio la tui vimetundikwa kwenye misumari ya shaba ubavuni. Kinu hakipendi kabati. Kikifungiwa kikiwa na unyevu kinaota ukungu.

Halafu mbuzi. Mama mkwe wangu ni mtu wa Muheza, wali usio na tui kwake ni chakula cha mgonjwa, na tui la blenda halitambui. Fundi alimwamkia, akaketi naye, akaomba amwonyeshe anavyokuna nazi. Bibi akakunjua mbuzi yake, akakaa, akanyoosha miguu, sinia mbele. Fundi akapima hapo hapo: kutoka mgongoni hadi nyayoni. Akaacha kipande cha sakafu karibu na mlango, kiasi cha mita moja na robo kwa mita moja, bila kitu chochote, na ili kukipata alinikatia kabati moja la chini. Niliona uchungu kulipoteza kabati lile. Lakini mwanamke wa zaidi ya miaka 70 anakaa jikoni kwangu, yuko karibu na upepo wa mlango, anaongea na mimi nikiwa kwenye sinki, badala ya kufukuziwa uani peke yake eti jiko ni la kisasa. Hata yule msanifu wa Frankfurt aliweka kigoda cha kuzunguka ili mpishi afanye kazi ameketi. Yeye aliwaza viazi, sisi tunawaza nazi.

Mbao. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wanaliwa pesa.

Pale karakanani kuna ndoo ya rangi iliyojaa maji, na ndani yake vipande vitatu: chipubodi, MDF (ubao wa nyuzi laini za mbao zilizogandamizwa kwa gundi), na ile plaiwudi inayouzwa kuwa ya kuhimili maji. Ni jibu lake kwa wateja wabishi. Alivitoa kimoja kimoja, akavipanga juu ya benchi. Chipubodi ilikuwa imevimba kingo zote, karatasi yake ya juu imejikunja, na nilipoibonyeza kwa kidole gumba ikamomonyoka. MDF ilikuwa laini kama mkate uliolowekwa kwenye chai, ukucha unaingia. Plaiwudi ilikuwa imelowa, basi. Aliipangusa kwenye suruali, akanipa niivunje. Sikuweza. Hakusema neno, alivirudisha ndooni akaendelea na randa yake.

Sisemi MDF ni mbaya. Fundi mwenyewe ameitumia kwenye milango ya makabati ya juu, ambako ni pakavu, kwa sababu inapokea rangi vizuri na haina nyuzi za kupinda. Ubaya ni kuiweka chini ya sinki, Dar es Salaam, mji ambao hata chumvi inalowa mezani. Ikishavimba hairudi. Kwa hiyo maungo yote ya chini ni plaiwudi, kingo zimepakwa gundi na vanishi kabla ya kuungwa, na miguu ya kabati ni ya plastiki, ya kurefusha na kufupisha, ili ukipiga deki maji yasiguse ubao.

Milango ya chini ni mninga. Ndiyo, mninga ni ghali na unazidi kupanda, lakini una sifa moja ambayo mbao chache zinayo: ukishakauka, hausinyai wala hautanuki sana hali ya hewa ikibadilika. Mlango uliotoshea Januari unatoshea na wakati wa masika. Dai risiti na kibali cha kusafirishia mzigo. Yangu alinionyesha bila kuombwa, mninga wa Tabora. Droo ameziunga kwa mtiki wa shamba, na alipotaja shamba la miti la Longuza mama mkwe akadakia kwamba ni kwao, Muheza. Kwa mtiki angalia rangi: sehemu ya kati ni ya hudhurungi na ndiyo ngumu, ile nyeupe ya pembeni mchwa wanaipenda. Alizigeuza droo zangu moja moja juani nizikague, na mbili nikazirudisha.

Chini ya sinki hakuna mlango. Alishauri pabaki wazi ili mabomba yakivuja uone siku hiyo hiyo, na unyevu upate pa kwenda. Nikashona pazia la kanga, jekundu na jeupe, limepita kwenye fimbo ya shaba. Ndicho kitu cha bei ndogo kuliko vyote humo ndani na ndicho kinachosifiwa na kila mtu, isipokuwa mama mkwe, ambaye alisoma maneno ya ile kanga akanyamaza muda mrefu. Nyuma ya pazia kuna dumu mbili za lita 20, moja ina koki. Maji yakikatika naiinua juu ya meza na kuosha vyombo bila kuchota kwa kopo.

Graniti fupi tu. Waliochonga ni watu wengine, si wa Keko. Nilitaka nyeupe, nikajizuia: manjano na mafuta ya mawese vikidondoka kwenye jiwe la rangi nyeupe lisilopakwa dawa ya kuziba matundu, utaviaga mkihama nyumba. Msichanganye na marumaru halisi ya mawe, ambayo ndimu, ukwaju na siki vinaila na kuiacha na mabaka. Graniti haidhuriki kwa ndimu. Nyeusi nayo ina kero yake, unga unaonekana mpaka wa jana. Lakini nasukuma chapati moja kwa moja juu ya jiwe, halinyonyi mafuta, lina ubaridi wa kuufanya unga usinate, na kibao changu cha chapati nimempa dada yangu. Waambieni wachongaji watie mfereji mwembamba chini ya ukingo wa mbele, kwenye ile sehemu inayochomoza. Maji yakitiririka yanakatikia hapo na kudondoka, hayafuati jiwe mpaka kwenye milango. Usipowaambia hawatii, na ukishafunga umechelewa.

Mwenye mfuko mdogo asikate tamaa. Jirani yangu amemwagia zege meza yake na kuisugua terazo, kazi ya mafundi wa sakafu tu, na inapendeza kuliko graniti nyingi nilizoona. Ninachomkataza mtu ni kupanga marumaru ndogo ndogo juu ya meza ya kukandia. Unga unaingia kwenye viungio na mende wanajua.

Gesi. Hapa fundi alinigombeza. Mtungi wangu wa kilo 15 nilitaka ufichwe kabatini, mlango ufungwe, usionekane. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja haipandi, inashuka na kutuama chini, na kabati lililofungwa ni mahali pazuri pa kuitunza ikisubiri kiberiti. Ametoboa ukuta, mtungi uko nje kwenye kizimba cha nondo chenye kivuli na kufuli, bomba linapita ndani ya mpira mgumu ukutani. Ukilazimika kuuweka ndani, basi kabati liwe na matundu chini kabisa, yanayotoka nje ya nyumba, si yanayotazama sebuleni. Jiko la mkaa limebaki uani na kazi yake imepungua sana. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo 2034. Mimi maharage nimeyahamishia kwenye sufuria ya presha, na makande peke yake ndiyo bado yananitoa nje.

Kuna rafiki alinishawishi ninunue lile jiko la umeme la kioo linalopasha sufuria kwa sumaku. Zuri kweli, jembamba, halina moto. Ila kabla ya kutoa pesa chukua sumaku ya mlango wa jokofu uipitishe chini ya sufuria zako. Za aluminiamu hazishiki, na zisiposhika jiko halikutambui. Mimi nilipitisha: kati ya rundo lote, kilichoshika ni kikaango cha chuma tu. Bei ya jiko ikawa bei ya jiko na masufuria yote mapya.

Makabati ya juu yamefika dari. Sehemu ya juu kabisa siifikii bila kigoda, na huko wamelala masinia na hotipoti za shughuli. Faida ni kwamba hakuna ule uwazi wa juu unaokusanya vumbi lenye mafuta, ambalo kila mwenye jiko la zamani analifahamu kwa ladha. Rangi ni kijani cha jani la mgomba lililokomaa. Nilichagua mwenyewe, fundi alikuwa anataka maziwa. Taa za LED zimefichwa chini ya makabati hayo, zinaangaza meza moja kwa moja, kwa sababu taa ya katikati ya dari inakuangukia mgongoni na unakatia vitunguu kwenye kivuli chako.

Haya, lawama. Ziko, na si ndogo.

Kwanza muda. Fundi huyu hana kalenda, ana kesho. Alichukua nusu ya malipo kwa ahadi ya wiki tatu, na ilipita miezi miwili na kitu, katikati yake mwezi wa Ramadhani, ambapo karakana nzima ilikuwa inashona makochi ya Idi. Ukimpigia anapokea, hilo nampa. Anapokea, anakusalimia vizuri, anauliza habari za bibi, na kabati haliji. Kama una harusi nyumbani tarehe fulani, usithubutu.

Pili, haandiki. Makubaliano yetu yako kwenye kile kipande cha plaiwudi, ambacho nilikipiga picha kwa akili ya mwalimu. Bila picha ile tungebishana juu ya vitasa, kwani alileta vya plastiki iliyopakwa rangi ya dhahabu, na plaiwudi ilisema chuma.

Tatu, vanishi. Koti la mwisho alilipaka ndani ya nyumba, siku ya mvua, madirisha yamefungwa. Tulilala kwa wifi yangu.

Na la nne ndilo kubwa. Chini ya meza ya kukandia nina droo tatu pana badala ya milango, na wazo ni lake, na ni wazo zuri: unavuta unaona kila kitu kutoka juu, hupigi magoti kutafuta mfuniko gizani. Ila ya chini kabisa ndiyo ya masufuria, na aliifunga kwa reli zile zile nyembamba alizotumia kwenye droo ya vijiko. Ikijaa inalegea mbele, inabidi uinyanyue kwa goti ndipo ijifunge. Mtu aliyepima sufuria yangu ya ugali mpaka kwa sentimita hakuwaza uzito wake ikiwa pamoja na wenzake. Mwenyewe ameiona, amekubali, amesema atabadilisha aweke reli zenye gololi za chuma zinazobeba kilo 45.

Nyota nne kati ya tano. Anayetaka jiko la kupigia picha aende kwenye kiyoyozi, atahudumiwa kwa wakati na kwa risiti. Anayepika, aulizie Keko karakana yenye ndoo ya maji yenye vipande vya mbao, na aende na sufuria yake kubwa mkononi. Laki mbili za mwisho bado ziko kwenye pochi yangu, zinasubiri reli, na fundi anajua ziko wapi.